Altezza, rimu pana na fenda inayolia: shajara ya kazi, Juni hadi Agosti

Jumamosi, 1 Juni 2024: gari kabla ya kuguswa

Gari ni Toyota Altezza AS200 ya mwaka 2001, injini 1G-FE ya silinda sita, manyuo (gia za mkono). Halijashushwa na halitashushwa. Nakaa Moshono, Arusha, na kabla sijafika Mnara wa Saa nimeshavuka matuta mengi kuliko vidole vya mikono yangu. Anayeshusha gari huku ana hela ya bampa kila mwezi.

Ninachotaka ni rimu pana zijaze fenda, maana hizi za kiwandani zimezama ndani kama macho ya mtu aliyetoka kuumwa. Nimejiwekea masharti mawili. Tairi lisiguse kitu hata tukiwa watano garini, na inchi ibaki 17. Ukienda 18 ubavu wa tairi unapungua, na kwa mashimo ya barabara zetu za ndani utakuwa unanyoosha rimu kila masika.

Rimu za sasa ni 17x7 (kipenyo na upana, kwa inchi), ofseti 50, tairi 215/45R17, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Nati tano, PCD (kipenyo cha duara la nati) 114.3, tundu la katikati milimita 60.1, stadi (boliti za kufungia nati) za 12 kwa 1.5. Kwa asiyejua ofseti: chukua rimu uigawe katikati ya upana wake, halafu pima kutoka mstari huo hadi uso unaolala kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachobeba gurudumu. Ukikuta uso uko milimita 50 upande wa nje, hiyo ndiyo ET50. Namba ikishuka, gurudumu zima linasogea nje. Shida yote ya shajara hii imetoka kwenye namba hiyo moja.

Kupima nafasi niliazima timazi ya jirani yangu mwashi. Nikabandika uzi kwa gundi ya karatasi juu kabisa ya upinde wa fenda, timazi ikaning'inia vidole viwili kutoka sakafuni, halafu nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi. Mbele nimepata milimita 30, nyuma 36. Sakafu iwe tambarare, usukani umenyooka, upepo wa matairi sawa kote, na usubiri timazi itulie kabisa.

Namba hizi zinafaa kuandikwa kwenye kiganja. Mimi niliziandika kwenye simu, na wiki iliyofuata nikaenda dukani simu ikiwa mfukoni.

Jumamosi, 8 Juni: rimu

Nilikuwa natafuta 17x8 ET35. Nusu ya upana wake ni 101.6, toa 35, mdomo wa nje unakaa milimita 66.6 kutoka uso wa habu. Ya kiwandani ni 88.9 toa 50, yaani 38.9. Mdomo ungetoka nje kwa milimita 28 hivi, na upande wa ndani ungejivuta mbali na shokapu kwa mbili. Na tairi la 225 juu yake, timazi ya mbele ingebaki na nafasi ya kupumua.

Muuzaji mmoja wa mitumba mjini alikuwa na seti ya kijivu, mikono mitano, haina mkwaruzo, na juu yake matairi 235/45R17 yenye kashata (meno ya tairi) za kutosha.

"Hizi ni nane, thelathini na tano, kaka. Altezza zinaingia zenyewe. Juzi tu nimemfunga chalii mmoja wa Sakina."

Nikamulika tochi nyuma ya mkono wa rimu. Vumbi la breki limegandamana na lami, maandishi hayasomeki. Ilitakiwa niombe tambara na petroli kidogo tu. Sikuomba. Nimelipa 750,000 na matairi yake, nikazipakia.

Nyumbani nimezifuta. Chini ya lile vumbi pameandikwa 17x8½JJ, na pembeni yake, peke yake, 30.

Piga hesabu upya: nusu ya inchi 8.5 ni 107.95, toa 30, mdomo unakaa milimita 77.95. Kutoka 38.9 ni milimita 39 kwenda nje. Upande wa ndani nimepata nafasi ya milimita moja tu. Inchi moja na nusu yote niliyoongeza inatokea upande wa fenda. Nikampigia. Akasema rudisha, ongeza 150,000, atanipa nyingine. Nikakataa kwa kiburi. Kiburi hicho kimehesabiwa humu chini kwa shilingi.

Kingine nilichokiona nikiwa nafuta: namba nne za mwisho za tarehe kwenye ubavu wa matairi ni 0916, yaani yametengenezwa wiki ya tisa ya mwaka 2016. Miaka minane. Kashata nzuri zilinidanganya, mpira wenyewe umeanza kupasuka nyufa kama kisigino.

Hadi hapa: 750,000.

Jumapili, 9 Juni, na Jumatatu, 10 Juni: kuvisha

Kabla ya kukaza chochote unataka kujua kama mkono wa rimu utagusa kalipa ya breki ya mbele. Wengine hutumia udongo wa watoto. Mimi nilikata donge la unga wa chapati jikoni, nikalibandika juu ya kalipa, nikavisha rimu, nikaizungusha kwa mkono taratibu, nikaitoa. Donge limebaki unene wa milimita 6. Inatosha. Mama watoto alinikuta nalipima kwa rula, akaniuliza kama spea zimeadimika kiasi hicho.

Nati zikakataa. Si uzi wake, ni tundu: matundu ya rimu hizi ni membamba, soketi ya 21 haiingii. Jumatatu nimenunua nati 20 nyembamba zenye kichwa cha 17 na mdomo wa koni, seti nzima 60,000. Angalia mdomo wa nati ufanane na kikalio cha rimu. Wa koni kwenye koni, wa duara kwenye duara. Ukichanganya, nati inashika kwenye ukingo mwembamba tu, na safari ya kwanza yenye mashimo inailegeza.

Nimetoka getini kinyumenyume, usukani umekatwa mwisho, nikasikia krrrr ndefu mbele kushoto. Tuta la kwanza: bup, nyuma kulia. Nimerudi ndani. Timazi inasema tairi la mbele limetokeza nje ya fenda kwa milimita 3, la nyuma limo ndani kwa 2 au 3.

Hadi hapa: 810,000.

Jumamosi, 15 Juni: mtetemo

Mlio nimeuacha kwanza kwa sababu limekuja jambo baya zaidi. Nilipeleka gari barabara ya mchepuko ya Afrika Mashariki mapema asubuhi, peke yangu, taratibu. Kwenye 85 kwa saa usukani unatetemeka kama umeshika mashine ya kusaga. Nimefanya balansi zote nne, 20,000, fundi akanionyesha sifuri kwenye mashine, nikarudi barabarani: mtetemo uleule.

Hiyo 20,000 nimeitupa, ingawa jibu lilikuwa mbele ya macho. Tundu la katikati la rimu hizi ni milimita 73.1. Habu ya Altezza ni 60.1. Rimu ya kiwandani inakaa kwenye habu kama kifuniko kwenye sufuria yake, hii inaning'inia kwenye nati tu. Ukikaza gari likiwa limekanyaga chini, uzito unaivuta rimu upande mmoja kabla koni za nati hazijaiweka katikati. Mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo, kwa sababu yenyewe inashika rimu kwa koni yake.

Dawa ni ringi ya kujaza pengo. Za dukani nilizozipata ni za plastiki na hakuna iliyolingana, nikaenda kwa fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma, mtaa wa Unga Limited. Alichonga nne za aluminiamu, nje 73.0, ndani 60.2, kila moja 12,000. Nzuri, zinang'aa, ziliingia kwa kusukuma na kidole gumba.

Na ziliharibu kila kitu. Ringi ilikuwa nene kuliko kina cha nafasi yake, kwa hiyo ilitokeza kama milimita 2 na rimu ikawa inaegemea ringi badala ya uso wa habu. Ukiitazama kwa macho huoni. Nilijua kwa karatasi: niliweka kipande cha risiti kati ya rimu na habu, nikakaza nati tatu, nikavuta. Karatasi ikateleza ikatoka. Ingepaswa kubanwa ikachanika. Hapo ungekuwa unaendesha gari ambalo rimu haijakaa, na nati zinabeba mzigo usio wao.

Fundi alipunguza ringi milimita 3, bure, huku akinung'unika kwamba nilimpa kipimo cha kina nilichokipima kwa rula ya shule. Kweli nilimpa hicho. Kwa kina tumia venia, kipimo cha fundi cha kusoma sehemu za milimita. Mara ya pili risiti ilichanika kwa magurudumu yote manne.

Namna ninavyokaza sasa: gurudumu likiwa hewani, nati zote kwa mkono, halafu kwa nyota, halafu nashusha na kumalizia kwa spana ya torki kwenye 103 Nm. Spana nimeazima. Baada ya kilomita 100 narudia. Mtetemo umeisha, nimefika 100 kwa saa karibu na Kisongo na soda imesimama.

Hadi hapa: 878,000.

Jumamosi, 22 Juni: chaki

Sasa kutafuta tairi linagusa wapi hasa. Mafundi watatu wameniambia mambo matatu, na wote hawakuinama. Nimesaga chaki, nikaichanganya na maji, nikapaka kwa brashi ndani ya midomo ya fenda zote nne na kwenye plastiki za ndani. Ikikauka unaendesha, na palipofutika ndipo tairi linapopita.

Safari ya kwanza nilikuwa peke yangu. Ya pili nilipakia vijana wanne wa mtaani na magunia mawili ya mahindi kwenye buti, tukazunguka Moshono hadi Kijenge kwa njia mbovu kuliko zote tulizozijua. Walifurahi mno.

Majibu. Nyuma zote mbili, mdomo wa fenda uliokunjwa kuingia ndani, upana wake milimita 12, chaki imefutika sehemu ya juu kwa urefu wa kiganja. Nyuma kulia kuna kitu kingine: pale bampa linapoungana na fenda kuna skrubu imetokeza kichwa, na kichwa hicho kilikuwa kimechora tairi mfereji mzima wa kuzunguka. Ile "bup" ilikuwa ya mdomo. Tulichokuwa tunakisikia kwenye kona ni skrubu. Mbele, plastiki ya ndani upande wa mbele na wa nyuma wa gurudumu, usukani ukikatwa mwisho. Mdomo wa fenda ya mbele umeguswa kidogo sana, wakati wa kufunga breki juu ya tuta.

Kuna aliyeshauri nikate midomo kwa grainda. Hapana. Pale ni karatasi mbili za bati zimeunganishwa kwa vidonge vya kuchomelea. Ukikata unaziachanisha, na maji ya barabarani yanaingia katikati.

Kuna aliyeshauri spesa, kile kipande cha kuweka kati ya rimu na habu. Spesa inasukuma gurudumu nje zaidi. Nilimshukuru.

Skrubu nimeiondoa, nikaweka fupi yenye kichwa bapa. Gharama haifiki elfu.

Jumamosi, 29 Juni: fenda ya nyuma kushoto, nilivyoiharibu

Kuna kifaa maalumu cha kukunja midomo ya fenda, kinafungwa kwenye habu na kina rola. Arusha sijakipata wa kuniazima. Fundi wa bodi niliyemwendea alisema hakihitajiki, nyundo ya mpira inatosha, 25,000 kwa fenda. Nilifika saa moja asubuhi. Nyinyi mnaijua baridi ya Juni hapa, mlima umefunikwa, pumzi inatoka moshi. Alianza mara moja.

Rangi ya kiwandani ya miaka 23 ikiwa baridi ni kama ganda la yai. Pigo la nne ikalia tik. La sita nikaona ufa mwembamba juu ya mdomo, upande wa nje, urefu wa kidole cha kati. Nikamwambia asimame. Akasema ngoja bosi, zimebaki mbili. Zikawa mbili, na ufa ukawa tawi.

Mdomo ulilala, sikatai. Lakini ulilala kwa mawimbi, na ukitazama gari kwa nyuma jua likiwa chini unaona fenda imevimba kama shavu lenye jino bovu. Kunyoosha na kupaka rangi sehemu ile peke yake nimelipa 70,000 kwa mtu mwingine, na rangi mpya ni nyeupe kidogo kuliko zile nyingine. Mke wangu haoni tofauti. Mimi siwezi kuacha kuiona.

Hadi hapa: 973,000.

Jumamosi, 6 Julai: fenda ya nyuma kulia, kwa mchi

Hii nimeifanya mwenyewe na imetoka vizuri kuliko ya fundi, kwa hiyo naieleza polepole.

Nilisubiri saa nane mchana, gari limeanikwa juani tangu asubuhi. Nilisugua ndani ya mdomo na kutoa tope lote na mpira mkavu wa kiwandani uliokuwa umeanza kuachia. Halafu drayer ya saluni ya dada yangu, ile kubwa, nikapuliza kwa dakika kumi mbele na nyuma bila kusimama sehemu moja. Ukigusa bati kwa nje linapaswa likufanye uondoe kidole, lakini lisikuunguze. Likianza kupoa unapuliza tena. Hii ndiyo tofauti yote kati ya kushoto na kulia: rangi ikiwa moto inavutika pamoja na bati.

Mchi ni wa kinu cha nyumbani, wa mti mgumu. Nimeuvisha kipande cha kanga kuukuu, nikauchomeka kati ya tairi na mdomo kuanzia upande wa mbele, kishikio kikiwa mkononi mwangu. Kijana akalisukuma gari nyuma taratibu kwa mkono, hatua moja, likaburuta mchi juu ya mdomo wote. Mbele tena. Nyuma tena. Mzunguko wa kwanza mdomo unainama kidogo tu na ndivyo inavyotakiwa. Kila mzunguko napuliza joto, nashusha kishikio kidogo ili mchi usukume juu zaidi. Nimezunguka mara tano. Ukitaka kumaliza kwa mara mbili fenda itavimba, niamini.

Mdomo uliokuwa milimita 12 sasa umetokeza 3. Hakuna ufa. Mchi una alama ya tairi ambayo haitatoka, na nimepewa orodha ya vitu vya kununua kabla haujarudi jikoni.

Mpira wa kuzibia maungio ya bati, 18,000, nimeupaka ndani ya fenda zote mbili za nyuma, halafu kopo la rangi ya kuzuia kutu, 15,000. Usiruke hatua hii. Kukunja kunapasua ule mpira wa kiwandani hata kama nje hakuonekani kitu.

Mbele mdomo nimeukunja kwa mchi huohuo, robo tu. Plastiki za ndani nimezipasha na drayer na kuzisukuma kwa chupa ya soda yenye maji ya moto hadi zikaingia kwenye uwazi wake. Klipu moja kila upande ilikuwa inazizuia. Nimezitoa na kufunga kwa waya.

Hadi hapa: 1,006,000.

Jumamosi, 20 Julai: matairi

Na bado mbele inagusa. Kidogo, lakini inagusa. Hapa nikakubali kwamba 235/45 hayana sababu ya kuwa kwenye gari hili. Kipenyo chake ni milimita 643, ya kiwandani ilikuwa 625. Hiyo ni milimita 9 juu ya habu, na milimita 9 ndiyo kazi yote niliyoifanya kwa mchi, imeliwa na tairi.

Kurudi 215/45R17 haifai kwa rimu hii. Upana wake wa rimu unaokubalika ni inchi 7 hadi 8. Wapo wanaovuta, wanaona fahari ubavu ukilala. Mimi nina watoto. 225/45R17 inakubali 7 hadi 8.5, kwa hiyo niko kwenye ukingo wa mwisho lakini ndani. Kipenyo ni 634, na bega la tairi linalala kidogo kwa kuwa rimu ni pana, kwa hiyo linapita mbali zaidi na mdomo wa fenda. Spidomita inapungukiwa kama asilimia moja na nusu: ikionyesha 80, gari liko 81. Kwenye vibao vya 50 jihesabie mwenyewe.

Nimenunua mapya manne, 185,000 kila moja, uwezo wa mzigo 91, yaani kilo 615 kwa tairi. Balansi tena 20,000. Yale ya zamani nimeyauza 160,000 yote, na mnunuzi nimemwonyesha tarehe kabla hajatoa hela. Upepo nimeweka 33 kote.

Timazi: mbele tairi limetokeza milimita 1, nyuma limo ndani 5. Geti langu sasa linatoka kimya.

Hadi hapa: 1,606,000.

Jumamosi, 27 Julai: Moshi na kurudi

Kilomita themanini kwenda. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, hakuna kitu. Tulikuwa wawili. Kabla ya Boma Ng'ombe nikaanza kuringa moyoni. Kurudi tulibeba ndizi mikungu mitano na shemeji wawili, na kwenye tuta la kwanza lenye hasira: bup. Nyuma kushoto tu.

Nilirudi na hasira kwa ile fenda ya nyundo, nikijua ndiyo hiyo, mawimbi yake. Nimepaka chaki, nikakanyaga buti kwa miguu miwili. Kulia gari lilipanda likasimama. Kushoto lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka. Nikamulika: shokapu ya nyuma kushoto imelowa mafuta kuanzia katikati hadi chini, na vumbi limeshikana nalo kitambo. Ilikuwa imekufa hata kabla ya Juni. Rimu za zamani zilikuwa mbali na fenda, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Ningeanza na hili. Bonyeza kila kona ya gari kabla hujanunua rimu, inachukua dakika moja na ni bure.

Jumamosi, 3 Agosti

Shokapu za nyuma za mtumba, jozi, 140,000, fundi 30,000. Nilimsimamia afunge boliti za mkono wa chini gari likiwa limekanyaga, maana ukizikaza likining'inia bushi zinabaki zimejinyonga na gari linakaa juu upande mmoja. Halafu alaimenti, kunyoosha mielekeo ya magurudumu, 40,000. Fundi alitaka kulaza magurudumu ya nyuma ndani ili "lipendeze". Nikamwambia anyooshe tu, aniachie mlalo wa kiwandani, sitaki matairi mapya yaliwe upande wa ndani kufika Desemba. Kwenye Altezza gurudumu likipanda, sehemu yake ya juu inajilaza ndani yenyewe kwa namna mikono ya chasi ilivyopangwa, na hiyo ndiyo inayoniokoa.

Jumla yote, nikitoa hela ya matairi niliyouza: 1,816,000. Ningeongeza ile 150,000 siku ile, nusu ya kazi ya fenda isingekuwepo.

Alhamisi, 8 Agosti: Nane Nane

Mtihani wa watu watano umefanyika bila kupangwa. Familia nzima hadi viwanja vya Themi kule Njiro, foleni, vumbi, na njia ya pembeni yenye mashimo ambayo kila mtu aliona ni ya mkato. Mama yangu alikaa nyuma kushoto, juu ya shokapu ya mtumba na fenda ya nyundo. Hakuna mlio. Aliuliza kwa nini nimezima redio.

Jumamosi, 31 Agosti: kilomita 1,600

Nimekagua kila kitu. Nati: hakuna iliyosogea tangu ile ya kilomita 100. Ringi zimetoka kwa shida kidogo, aluminiamu inashikana na habu. Nimepaka grisi ya shaba kidogo sana. Chaki ya nyuma ni safi pande zote. Mbele kulia safi. Mbele kushoto kuna mkwaruzo wa upana wa kucha kwenye plastiki, usukani ukikatwa mwisho kinyumenyume juu ya kizingiti cha geti langu, na hapo tu. Nimeuacha.

Fenda ya nyuma kushoto imeanza kutoa kipele cha kutu mwisho wa ule ufa, chini ya rangi mpya. Itafunguliwa na kupakwa upya kabla ya vuli, na safari hii drayer itakuwa mkononi mwangu.

Jana yule muuzaji kanipigia. Ana seti nyingine, anasema ni 17x8, thelathini na tano ya kweli kabisa, na anaweza kubadilishana. Nimemwomba picha ya nyuma ya mkono wa rimu, ikiwa imefutwa. Picha bado haijaja.